Ufa uliojificha ndani ya tairi

Leo naomba tuweke kando programu na tarakilishi, tuzungumze habari za mpira. Sio ule wa Gor Mahia na AFC Leopards. Huo una wataalamu wake katika kila kibanda cha chai. Nasema mpira wenyewe, ile mali inayovutika na kurudi: tairi, bushi za gari, mkanda wa feni, soli ya kiatu, hata akala ambazo mafundi wetu hukata kutoka kwa matairi makuukuu. Kila kitu cha mpira kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hatimaye hupasuka, tena hupasuka chini ya mzigo ule ule ambao siku ya kwanza kiliubeba bila shida yoyote. Wahandisi huliita jambo hili uchovu. Ni jina zuri ila linadanganya kidogo, maana mtu aliyechoka akilala huamka na nafuu. Mpira ukilala huamka na ufa wake pale pale.

Mnaweza kuuliza hayo yanahusu nini ukurasa wa mtu anayeandika programu. Yanahusu, na nitawaonyesha. Mwaka wa 2000 ulimwengu ulisikia habari za ufa mdogo uliokuwa ukikua ndani ya matairi ya gari la Ford Explorer huko Marekani. Maabara zilijua jinsi ufa wa namna hiyo unavyokua tangu miaka ya 1950. Hata hivyo mmoja wa watu wa kwanza kuugundua hakuwahi kulikata tairi hata moja. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima, na alichofanya ni kutafuta kwenye rekodi za madai. Lakini kabla ya kufika huko, hebu turudi nyuma tujue mpira wenyewe.

Mpira mbichi ni kitu cha kukatisha tamaa. Jua likiwaka hunata kama gundi, baridi ikija hukakamaa na kuvunjika. Charles Goodyear, Mmarekani aliyeonja jela zaidi ya mara moja kwa sababu ya madeni, aligundua mwaka wa 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hutulia. Alipata hataza ya Marekani mwaka wa 1844, na huko Uingereza Thomas Hancock naye alikuwa ameandikisha ya kwake. Kinachotokea ndani ni rahisi kueleza. Molekuli za mpira ni nyuzi ndefu zilizojiviringa ovyo kama tambi kwenye sufuria. Salfa huzifunga pamoja hapa na pale, mfano wa mafundo ya wavu wa mvuvi. Ukivuta, nyuzi hunyooka. Ukiachilia, hujiviringa tena. Mvuvi huushona wavu wake ukikatika. Wavu wa Goodyear hauna wa kuushona.

Kwa karibu miaka 50 mpira huo ulifanya kazi nyepesi: makoti ya mvua, mabomba, viatu. Kazi nzito ilikuja mwaka wa 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipomtengenezea mwanawe tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. (Robert Thomson alikuwa amepewa hataza ya wazo hilo hilo miaka 40 na ushei kabla, ikasahaulika kabisa. Ukifika mapema mno sokoni hukuti mnunuzi.) Kiu ya mpira iliyofuata ndiyo iliyowaletea watu wa Kongo ya Mfalme Leopold mateso yasiyosemeka. Hiyo inahitaji makala yake, lakini sioni haki kulitaja tairi la Dunlop nikapita kimya.

Kwa nini nasema kazi ya tairi ni nzito? Chukua tairi la kipimo cha P235/75R15, ambalo tutakutana nalo tena baadaye. Likiwa na mzigo huzunguka takriban mara 440 katika kila kilomita. Katika kila mzunguko, kila sehemu ya tairi hushuka chini, hubanwa dhidi ya lami, kisha huinuka na kuachiliwa. Safari moja ya Nairobi hadi Mombasa ni mikunjo zaidi ya 200,000. Tairi likitembea kilomita 80,000 limekunjwa kama mara milioni 35. Hakuna kiungo cha mashine kinachofanya hivyo bila kuuliza malipo.

Matairi ya mwanzo hayakuwa meusi. Yalikuwa meupe au ya kijivujivu kwa sababu ya oksidi ya zinki iliyochanganywa humo, na yaliisha haraka sana. Karibu mwaka wa 1904, kwenye kiwanda kimoja cha Silvertown, London, iligunduliwa kwamba masizi yakichanganywa na mpira huuimarisha ajabu, na kufikia miaka ya 1910 viwanda vya Marekani vilikuwa vimeanza kuyatumia. Ndio, masizi, ndugu wa yale tunayokwangua kwenye sufuria iliyopikiwa kuni, ila haya hutengenezwa kwa makusudi na ni laini zaidi. Chembe zake hushikamana na nyuzi za mpira, na ufa unapojaribu kupita hulazimika kupinda na kugawanyika. Kwa hiyo weusi wa tairi sio rangi tu.

Mpaka hapo watu walikuwa wakibahatisha. Walipika, wakachanganya, wakajaribu barabarani, wakaona. Kipimo cha kwanza ambacho kinanishangaza mpaka leo kilichapishwa mwaka wa 1940 na Cadwell na wenzake watatu. Walichukua vipande vya mpira wa asili wakavivuta na kuviachilia maelfu kwa maelfu ya mara, wakihesabu mpaka vikatike. Kipande kilichovutwa kisha kikaachiliwa mpaka kulegea kabisa kilikufa mapema. Kipande kilichovutwa zaidi lakini kikawa hakiachiliwi kulegea, yaani kila mara kinabakiwa na mvuto kiasi, kiliishi muda mrefu kupita kile cha kwanza. Mhandisi wa chuma akisoma hayo atafikiri jedwali limepinduliwa. Kwenye chuma, kuongeza mvuto wa kudumu hufupisha maisha.

Jibu lilikuwa limeshaonekana bila kutambuliwa. Mwaka wa 1925 mwanasayansi aliyeitwa Katz alipitisha miale ya eksirei kwenye mpira uliovutwa akakuta fuwele ndani yake. Nyuzi zikivutwa sana hujipanga mstari kwa mstari na kugandamana. Zikiachiliwa, fuwele huyeyuka. Sasa fikiria ncha ya ufa. Hapo ndipo mvuto ulipo mkubwa kupita kote, kwa hiyo hapo ndipo fuwele hujikusanya, na kazi yake ni kama ya askari wa lango. Ukilegeza mpira kabisa, askari huondoka, na mvuto unaofuata unakuta lango wazi. Usipolegeza, askari hubaki zamu. Mpira wa kutengenezwa kiwandani wa aina ya SBR, ambao umejaa kwenye matairi ya magari madogo, hauna fuwele hizi. Ndiyo maana mpaka leo, pamoja na kemia yetu yote, matairi ya malori na ndege hutegemea zaidi utomvu wa mti.

Hatua kubwa ilichukuliwa Welwyn Garden City, kaskazini mwa London, kwenye maabara iliyokuwa ikigharimiwa na wazalishaji wa mpira wa Malaya. Humo walikuwemo Ronald Rivlin na A. G. Thomas. Waliazima wazo la A. A. Griffith, ambaye mwaka wa 1920 alikuwa akichunguza kwa nini kioo huvunjika kirahisi kuliko hesabu inavyosema. Griffith aliacha kuuliza msongo kwenye ncha ya ufa ni kiasi gani, kwa sababu hesabu ya hapo humpeleka mtu kwenye namba zisizo na mwisho. Aliuliza swali la mhasibu: ufa ukisonga mbele kidogo, ni nishati kiasi gani inayoachiliwa, na inatosha kulipia uso mpya unaozaliwa? Mwaka wa 1953 Rivlin na Thomas walionyesha kwamba hesabu hiyo inafanya kazi kwenye mpira pia. Kisha mwaka wa 1958 Thomas akaipeleka kwenye mikunjo ya kurudiarudia: katika kila mkunjo ufa husogea hatua ndogo, na ukubwa wa hatua hiyo unategemea nishati inayoachiliwa. Kwa mpira wa asili hatua hufuata takriban nishati kipeo cha pili. Kwa SBR isiyotiwa masizi ni kipeo cha nne hivi, yaani ukiongeza nishati maradufu hatua inakuwa kubwa mara 16.

(Watu wa chuma walifika hapo nyuma kidogo. Paul Paris na wenzake walipoandika kanuni kama hiyo kwa ajili ya metali, majarida makubwa yaliikataa, ikatoka mwaka wa 1961 kwenye jarida la chuo kikuu chao. Leo kila mwanafunzi wa uhandisi anaikariri kwa jina la Paris.)

Kwa sisi waandika programu kanuni ya Thomas inaingia kwenye mistari minne. Chukua ufa ulio kwenye ukingo wa kipande cha mpira:

ufa = 0.025
rudia kila mkunjo:
    nishati = mvuto * ufa
    ufa = ufa + k * nishati * nishati

Ule 0.025 wa mwanzo ni milimita. Mwaka wa 1964 Gent, Lindley na Thomas walionyesha kwamba mpira, hata ukiwa mpya na msafi, huishi kana kwamba tayari una kasoro ndogo za ukubwa wa karibu milimita 0.02 hadi 0.05: punje ya vumbi, donge la masizi, mkwaruzo wa kisu. Hakuna mpira usio na ufa. Kuna mpira ambao ufa wake bado ni mdogo.

Sasa jaribu kuiendesha programu hiyo, au ifanye kwa kalamu, utaona jambo ambalo naona ndilo kiini cha habari hii yote. Ufa unaoanza na milimita 0.025 hutumia nusu nzima ya maisha ya mpira kufika milimita 0.05. Ukifika milimita 0.1, robo tatu ya maisha imekwisha. Ukifika milimita 1, urefu ambao jicho linaweza kuuona bila miwani, asilimia 97.5 ya maisha imekwisha. Mfano huu umerahisishwa, sikatai, lakini umbo lake ndilo hilo. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakizungumzia ufa wa ukutani, ambao mtu anauona akiwa ameketi barazani.

Kabla sijaendelea, kuna nyufa nyingine ambazo watu wengi huzichanganya na hizi. Vile vimistari vidogo vidogo unavyoviona ubavuni mwa tairi lililokaa sana juani husababishwa zaidi na ozoni ya hewani. Sehemu chache tu za ozoni katika kila milioni mia za hewa zinatosha kuukata mpira uliovutwa, hata kama haukunjwi. Viwanda huchanganya dawa ya kuzuia, maarufu ikiwa ile iitwayo 6PPD. Mwaka wa 2020 watafiti wa Marekani waligundua kwamba dawa hiyo ikikutana na ozoni hugeuka kuwa sumu, na mvua ikiisomba kutoka barabarani huwaua samaki aina ya salmoni wa koho mitoni. Kila suluhisho lina bili yake. Lakini nyufa za ozoni angalau zinajionyesha. Zilizoua watu kwenye Explorer hazikujionyesha.

Tairi la kisasa la redio, aina iliyoletwa na Michelin miaka ya 1940 na kuenea Marekani miaka ya 1970, lina mikanda miwili ya nyaya za chuma chini ya ule uso unaogusa barabara. Nyaya za mkanda mmoja zimelala upande huu, za mwingine upande ule, na kati yake kuna utando mwembamba wa mpira. Nyaya hupakwa shaba nyeupe kwa sababu shaba hiyo hushikana na salfa ya mpira. Tatizo liko ukingoni. Mkanda hukatwa, na pale waya unapokatwa ncha yake huwa chuma kitupu kisicho na shaba. Mpira haushiki hapo. Kwa hiyo kila tairi la aina hii, liwe la kampuni gani, huzaliwa likiwa na mamia ya nyufa ndogo zilizopangwa ukingoni, moja kwenye kila ncha ya waya. Na katika kila mzunguko mikanda hiyo miwili husuguana kama makali ya mkasi. Nyufa hukua, huungana zikawa ufa mmoja unaozunguka ukingo, kisha hugeuka na kuingia ndani, kati ya mkanda na mkanda. Dereva haoni kitu. Tairi lina upepo, uso wake haujawa kipara, fundi akiligonga linalia vizuri. Halafu siku moja kwenye barabara kuu, gari likiwa kasi, mkanda wa juu na uso wote wa tairi hubanduka kama ganda la ndizi.

Joto huharakisha yote haya. Vipimo vya Lake na Lindley vya miaka ya 1960 vilionyesha kwamba SBR isiyotiwa masizi, ikipashwa kutoka nyuzi 0 hadi 100 za Selsiasi, hupoteza maisha yake mara 10,000. Mpira wa asili hupoteza kama mara nne tu. Na tairi lenye upepo mdogo hukunjwa zaidi, likikunjwa zaidi hupata joto zaidi.

Kampuni ya Firestone ilikuwa imeshapita kwenye moto huu. Mwaka wa 1978 ililazimika kubadilisha matairi zaidi ya milioni 10 ya aina ya Firestone 500, ambayo mikanda yake ilikuwa ikibanduka. Miaka 10 baadaye kampuni ikanunuliwa na Bridgestone ya Japani. Mwaka wa 1990 Ford ikatoa Explorer, gari la juu juu lililopendwa na familia, likiwa limevalishwa matairi ya Firestone ya P235/75R15. Ford ilipendekeza yajazwe upepo wa pauni 26. Firestone ilikuja kusema baadaye iwe 30. Msomaji wa hapa analijua jina la Firestone kwa njia nyingine: kiwanda cha Nairobi kilichoitwa Firestone East Africa tangu 1969, kilichokuja kuitwa Sameer Africa na kikaacha kutengeneza matairi mwaka wa 2016. Sio hicho ninachokizungumzia. Habari yetu iko Decatur, jimbo la Illinois.

Mwaka wa 1998 Sam Boyden, mtafiti katika kampuni ya bima ya State Farm, aliombwa na mwenzake wa idara ya madai aangalie kama tairi fulani la Firestone lililobanduka lilikuwa na historia. Akatafuta kwenye rekodi. Akakuta kesi 21, nyingi zikiwa za Ford Explorer. Mwezi wa Julai akaandika barua pepe kwa NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa magari. Barua ilifika. Hakuna kilichofanyika.

Ningependa tukae hapa kidogo. Kesi 21 katika nchi yenye magari mamilioni ni kelele tu, na mtu aliyezipuuza hakuwa mjinga. Lakini Boyden hakuwa na kesi 21 za matairi kwa jumla. Alikuwa na kesi 21 za aina moja ya tairi, nyingi zikiwa kwenye aina moja ya gari, na zote zikisema kitu kimoja: uso umebanduka. Yeyote aliyewahi kupokea ripoti tatu za hitilafu zinazofanana kutoka kwa wateja watatu wasiojuana ameshajua jinsi nywele za shingo zinavyosimama. Idadi ni ndogo, lakini umbo ni lile lile.

Firestone wenyewe walikuwa na namba, ila walikuwa wakiangalia jedwali lisilofaa. Mwezi wa Septemba 2000 wakubwa wake waliliambia Bunge la Marekani kwamba kwa miaka yote walipima ubora kwa matairi yanayorudishwa dukani chini ya dhamana. Madai ya majeruhi na kesi za mahakamani hayakutumika kupima ubora. Hayo yalikuwa kazi ya mawakili na watu wa fedha. Sasa rudi kwenye ile programu yetu ya mistari minne. Tairi lenye ufa wa ndani ni tairi zuri kwa karibu maisha yake yote. Halirudishwi dukani na mtu. Siku linapojulikana kuwa baya huwa limetembea miaka mitatu au minne, na habari zake haziletwi na mteja mwenye risiti. Huletwa na wakili wa familia. Jedwali la dhamana lilikuwa safi kwa sababu ya namna mpira unavyokufa.

Mambo yakaenda kasi. Mwaka wa 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, kwenye joto na mchanga, bila kuyaita kasoro. Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kikatangaza habari za ajali za Texas, na simu zikamiminika. Mwezi wa Mei NHTSA ikafungua uchunguzi. Tarehe 9 Agosti 2000 Bridgestone/Firestone ikatangaza kuyaondoa barabarani matairi ya ATX, ATX II na yale ya Wilderness AT yaliyotoka Decatur: milioni 14.4 yaliyotengenezwa, na kama milioni 6.5 yaliyokadiriwa kuwa bado yanatumika. NHTSA ilikuja kuhesabu vifo 271 nchini Marekani. Malalamiko mengi yalitoka Arizona, California, Florida na Texas, majimbo ya jua kali, kama Lake na Lindley wangeweza kuwaambia.

Kisha ukaja ugomvi wa nani alaumiwe. Firestone ilisema Explorer hupinduka ovyo na upepo wa pauni 26 ulikuwa mdogo. Ford ilisema tairi ni tairi. Mei 2001 Firestone ikavunja uhusiano uliodumu tangu Henry Ford alipoagiza matairi kwa Harvey Firestone mwaka wa 1906, na siku hiyo hiyo au baada yake kidogo Ford ikatangaza kubadilisha matairi milioni 13 zaidi. Ni ugomvi wa kifamilia hasa: mwenyekiti wa Ford wakati huo, William Clay Ford Jr., ni kitukuu wa Henry Ford kwa upande wa baba na wa Harvey Firestone kwa upande wa mama.

Sanjay Govindjee wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeajiriwa na Firestone kuchunguza chanzo, alitoa ripoti yake Februari 2001. Alitaja mambo kadhaa kwa pamoja: joto la hali ya hewa, muundo wa tairi lenyewe, tofauti za utengenezaji huko Decatur, na matumizi, yaani upepo, mzigo na mwendo. Decatur iliandaa mpira wake kwa namna tofauti na viwanda vingine, ukikatwa kuwa punje badala ya mabamba. NHTSA nayo, kwenye ripoti yake ya Oktoba 2001, iliangalia zaidi muundo. Kwenye ukingo wa mikanda kuna kabari ya mpira inayowekwa kuitenga mikanda hiyo pale inaposuguana zaidi. Kwenye matairi ya zamani kabari hiyo ilikuwa nyembamba, ufa ukapata njia ya mkato. Ilipofanywa nene, hali ikawa nafuu. Kipande cha mpira kisichofika milimita kadhaa.

Na bado kuna jedwali lingine lililokuja kufunguliwa baadaye. Mwaka wa 2004 wanauchumi Alan Krueger na Alexandre Mas walichukua madai yote wakayapanga kwa kiwanda na kwa tarehe ya kutengenezwa. Huko Decatur kulikuwa na mgomo mkali ulioanza Julai 1994, kampuni ikiwa imetaka zamu ndefu na malipo madogo kwa wapya, na wafanyakazi wa kushika nafasi wakaletwa. Mtu angetarajia matairi mabovu yatoke mikononi mwa hao wageni. Sivyo walivyokuta. Ubovu ulipanda miezi kabla ya mgomo, kampuni ilipotangaza madai yake, na ukapanda tena pale waliogoma walipokuwa wakirudi kufanya kazi bega kwa bega na waliochukua nafasi zao. Wawili hao walikadiria kwamba zaidi ya watu 40 walikufa kwa ajili ya ubovu wa ziada wa kipindi hicho. Mimi husita kidogo na makadirio ya namna hii, lakini mchoro wao wa kupanda na kushuka mwezi kwa mwezi, mbele ya kalenda ya mgomo, ni mgumu kuupuuza. Kiwanda cha Decatur kilifungwa mwishoni mwa 2001.

Kilichobaki ni sheria. Novemba 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo TREAD, inayowalazimisha watengenezaji wa magari na matairi kupeleka kwa NHTSA, mapema na kwa mpangilio, idadi ya madai, majeruhi na vifo, yakiwemo yanayotokea nchi za nje. Yale ya Ghuba yasingekaa kimya tena. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kile kitambuzi cha upepo kinachowasha taa kwenye dashibodi. Na malalamiko ya wenye magari yanayopelekwa NHTSA yako wazi kwenye tovuti yao; mtu anaweza kuyapakua yote na kuyachambua kwa lugha ya programu anayoipenda. Nimewahi kuchezea mafaili hayo usiku mmoja. Safu za tarehe ni fujo, ila maelezo waliyoandika watu kwa maneno yao ni dhahabu.

Kwa anayenunua tairi mtumba, kuna namba moja ya kuangalia. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Matairi yote yaliyotengenezwa kuanzia mwaka wa 2000 yanazo: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Wakati mwingine namba kamili imeandikwa upande mmoja tu, ule unaotazama ndani ya gari, kwa hiyo itabidi uiname.